Sifa za Kamasi

Mwishoni mwa mwaka 1921 Alexander Fleming alikuwa na mafua. Alikuwa daktari na mtafiti wa vimelea katika Hospitali ya St Mary's, London, na pua ilipokuwa ikimtiririka alifanya jambo ambalo mtoto wa kwetu angekemewa kwa kulifanya: alizichukua kamasi zake mwenyewe akazidondosha kwenye sahani ya maabara iliyokuwa imeota bakteria wa rangi ya manjano. Baadaye akakuta kwamba pale kamasi zilipogusa, bakteria wameyeyuka. Kilichowayeyusha ni protini ambayo aliitangaza mwaka 1922 kwa jina la lisozaimu. Akaanza kuisaka kila mahali: kwenye mate, kwenye ute wa yai, kwenye machozi. Machozi yalihitajika mengi, basi watu wa maabara wakawa wanakamuliwa ndimu machoni ili walie kwa faida ya sayansi.

Kisa hiki husimuliwa kama utangulizi wa penisilini, ambayo Fleming huyohuyo aliigundua mwaka 1928, na utangulizi husahaulika kitabu kikishaanza. Mimi nakipenda kwa sababu nyingine. Ni nadra mtu mzima kuziangalia kamasi kwa jicho lolote lisilo la kinyaa. Kwetu ni kitu cha kufutwa upesi kabla wageni hawajaona. Mama mwenye mtoto anayetokwa na kamasi huomba radhi kana kwamba mtoto ametukana. Fleming alizitazama akidhani huenda zina kazi.

Zina kazi, ingawa si ile aliyoiona yeye. Lisozaimu hukata ukuta wa bakteria, na virusi havina ukuta wa namna hiyo. Mafua yaliyompa Fleming zile kamasi huletwa na virusi. Kwa hiyo silaha aliyoigundua haikuwa na la kufanya mbele ya ugonjwa uliomfanya aigundue. Pua yake ilikuwa inapigana vita nyingine kwa silaha nyingine, na hizo zilikuja kujulikana polepole, kwa zaidi ya miaka mia moja ya watu kuchunguza kitu ambacho wengine wote walikuwa wanakifuta.

Mtu mzima huvuta zaidi ya lita 10,000 za hewa kwa siku. Hewa hiyo ina vumbi, moshi wa kuni na wa magari, chavua, na pumzi za watu wengine pamoja na vilivyomo ndani yake. Mdomo unaweza kufumbwa na jicho likafumba lenyewe, lakini pua haina kope wala midomo. Iko wazi usiku na mchana. Ulinzi wake haukujengwa kwa kuzuia kuingia. Umejengwa kwa kunasa na kuondoa.

Ndani ya pua, nyuma ya zile nywele tunazoziona, ukuta umefunikwa na ute wa tabaka mbili: la juu zito na lenye kunata, la chini jepesi kama maji. Katika tabaka la chini zimo silia, vijinywele visivyoonekana kwa macho, kama mia mbili kwa kila seli, vikipiga mara kumi hadi kumi na tano kwa sekunde, vyote kuelekea upande mmoja. Vinalisukuma lile tabaka la juu kuelekea nyuma ya koo kwa mwendo wa milimita chache kwa dakika. Chochote kilichonaswa mbele ya pua, baada ya dakika kumi, kumi na tano, ishirini hivi, kimeshafika kooni na kimemezwa. Kule tumboni asidi inamaliza kazi, na rinovirusi, virusi vinavyoongoza kwa kuleta mafua, huharibika kwa asidi. Tunameza kamasi zetu mchana kutwa bila kujua, hata wale wastaarabu kabisa miongoni mwetu.

Anayetaka kujua thamani ya silia awaulize waliozaliwa nazo zikiwa hazipigi. Mwaka 1933 huko Zurich daktari Manes Kartagener aliwaeleza wagonjwa waliokuwa na mambo matatu pamoja: vifua vinavyougua daima, sainasi zilizojaa, na moyo upande wa kulia. Mambo hayo yalikaa kama vitendawili visivyohusiana mpaka mwaka 1976, Msweden Björn Afzelius alipoonyesha kwamba chanzo ni kimoja: silia zao hazisogei ipasavyo. Tumboni mwa mama, mwendo wa silia ndio unaouelekeza moyo ukae kushoto. Silia zikilala, moyo unabahatisha upande, ndiyo maana karibu nusu ya watu hao viungo vyao vya ndani vimegeuka. Baada ya kuzaliwa, ute unabaki ulipo, na mtu anaishi na mafua yasiyoisha. Sijui kama kuna ushahidi mkubwa zaidi wa heshima inayostahili kupewa kitu tunachokifuta kwa leso.

Kazi ngumu zaidi iko kwenye sainasi. Hizi ni vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso, jozi nne: mashavuni, juu ya nyusi, kati ya macho, na ndani kabisa nyuma ya pua. Vile vya mashavuni ndivyo vikubwa, na fundi aliyevijenga angefukuzwa kazi, kwa sababu mlango wa kutolea ute uko juu, karibu na dari. Mtu akisimama wima, ute hauwezi kutoka kwa uzito wake. Silia ndizo zinazoupandisha ukutani, kutoka sakafuni hadi kwenye kijitundu kile, saa zote za uhai. Utando ukivimba kwa mafua, kijitundu kinaziba, na ndipo mtu anapoinama kufunga kamba za viatu akahisi uso mzima umejaa mawe.

Lakini vyumba hivyo si stoo tupu. Mwaka 1995 Jon Lundberg na wenzake wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, walipima hewa iliyomo ndani yake wakakuta gesi ya naitriki oksaidi kwa wingi usio wa kawaida. Gesi hiyo ni sumu kwa bakteria na, katika majaribio ya maabara, hupunguza kuzaana kwa virusi kadhaa, rinovirusi vikiwemo. Kila tukivuta pumzi kwa pua, kidogo yake hutiririka kuelekea mapafuni. Mwaka 2002 Eddie Weitzberg na Lundberg wakatangaza jambo la kufurahisha zaidi: mtu akivumisha sauti mdomo umefumbwa, kama mama anayembembeleza mtoto alale, gesi inayotoka puani huongezeka mara kumi na tano ikilinganishwa na pumzi ya kimya. Mtikisiko wa sauti huisukuma hewa ya sainasi itoke. Sisemi kwamba kuvumisha kunaponya mafua, hilo halijathibitishwa. Ila sijawahi tena kumsikia mama akimvumishia mwanawe bila kukumbuka kipimo kile.

Pamoja na yote hayo, virusi hupita. Rinovirusi peke yake vina aina zaidi ya 160, na kirusi kimoja kikifika nyuma ya pua bila kunaswa, kikagusa seli kikaingia, ute hauna tena la kufanya. Hapo kinga ya mafunzo, ile inayotengeneza kingamwili maalumu kwa adui maalumu, bado imelala. Itahitaji siku kadhaa kuamka. Kinachopigana saa za mwanzo ni kinga tuliyozaliwa nayo, ambayo haimjui adui kwa jina. Inazijua tabia zake. Ndani ya seli kuna vitambuzi vinavyopita vikikagua nyuzi za RNA, na vikikuta za umbo ambalo seli yenyewe haitengenezi, vinajua kuna mgeni anayezaana. Seli iliyovamiwa mara nyingi haitapona. Lakini kabla ya kufa hutoa protini za intaferoni, nazo huwafikia majirani. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo: kila seli iliyoisikia huwasha mamia ya jeni, ikaanza kuandaa vimeng'enya vya kukatakata RNA ya mgeni, vya kusimamisha kiwanda cha protini, vya kufunga njia za kuingilia. Jirani anajifunga kabla hajabishiwa hodi.

Mbiu hiyo iligunduliwa mwaka 1957 huko Mill Hill, London, na Alick Isaacs, Mskoti, pamoja na Jean Lindenmann, kijana kutoka Uswisi. Walichukua vipande vya utando wa mayai ya kuku, wakaviweka pamoja na virusi vya influenza vilivyouawa kwa joto, kisha wakachukua maji yake wakayatia kwenye vipande vipya. Virusi hai vilipoletwa, vilishindwa kuota. Kulikuwa na kitu ndani ya maji yale, na hakikuwa kirusi. Baadhi ya wanasayansi waliwacheka. Isaacs alifariki mwaka 1967 akiwa na umri wa miaka 45 tu, kabla intaferoni haijaweza kusafishwa vya kutosha kujulikana ni kitu gani hasa.

Na hapa naomba tusafiri hadi Salisbury, kusini mwa Uingereza, kwa sababu hapo ndipo pua ya binadamu iliposomwa kuliko mahali pengine popote. Kuanzia 1946 hadi 1990, katika mabanda ya hospitali iliyojengwa na Wamarekani wakati wa vita, palikuwa na Kitengo cha Mafua. Serikali ilikaribisha watu wa kujitolea waje wakae siku kumi hivi, wale na kulala bure, sharti lao moja likiwa kukubali kudondoshewa puani matone yenye virusi au yasiyo navyo, bila kuambiwa ni yapi. Walikaa wawili wawili au watatu watatu. Chakula kiliwekwa mlangoni. Waliruhusiwa kutembea mashambani mradi wasimkaribie mtu mwingine kwa chini ya mita tisa hivi. Wanafunzi walikwenda kujisomea mitihani. Maharusi wengine walikwenda fungate. Kila siku daktari alipita kuuliza habari za koo, na leso za karatasi zilihesabiwa na kupimwa uzito. Nchi iliyokuwa na mgawo wa chakula baada ya vita ilikuwa inapima uzito wa kamasi kwa mizani ya maabara, na nasema hivyo kwa kuwavulia kofia.

Walipima pia kauli za akina mama kwamba kuloa na baridi huleta mafua. Watu walioogeshwa maji ya moto wakasimamishwa kwenye ujia wenye upepo wakiwa wameloa hawakuugua kuliko wenzao waliokaa pakavu. Ni hapohapo ambapo David Tyrrell na wenzake, wakihangaika na kamasi za mvulana mmoja wa shule ya bweni huko Surrey, walitambua kirusi ambacho hakikufanana na vingine. June Almeida akakipiga picha kwa darubini ya elektroni, na mwaka 1968 jamii hiyo ya virusi ikapewa jina la korona.

Jaribio linalonihusu hapa ni la mwaka 1973. Kari Cantell wa Helsinki alikuwa amepata njia ya kutengeneza intaferoni kutokana na chembe nyeupe za damu iliyochangwa na Wafini. Sehemu ya hazina hiyo ilipelekwa Salisbury, ikapulizwa puani mwa watu wa kujitolea, kisha wakatiwa rinovirusi. Ilifanya kazi. Waliopewa intaferoni walikingika. Ungedhani habari ya mafua iliishia hapo.

Haikuishia. Uhandisi wa jeni ulipoifanya intaferoni ipatikane kwa wingi, miaka ya 1980, ilijaribiwa kwa familia za Virginia na za Adelaide, Australia: mmoja akiugua nyumbani, wengine wanajipulizia. Ilizuia mafua ya rinovirusi kwa kiasi cha kuridhisha. Lakini walioitumia kwa wiki kadhaa mfululizo pua zao zilianza kuziba, zikakauka, zikatoa kamasi zenye damu. Dawa ya kuzuia mafua ilikuwa inawapa watu kitu kinachofanana sana na mafua.

Matokeo hayo mimi sikuyaona kuwa ajali ya dawa, maana yanalingana na jambo jingine lililojulikana miaka hiyohiyo. Watafiti walimpulizia mtu mwenye afya bradikinini puani, kemikali ambayo mwili wenyewe huitoa ukishambuliwa. Hapakuwa na kirusi hata kimoja. Mtu akaziba pua, akatiririka kamasi, akaumwa koo. Kwa upande wa pili, watu wengi huambukizwa rinovirusi, virusi vikazaana puani mwao, na wasipige hata chafya. Ukichunguza utando wa pua wa mgonjwa wa rinovirusi, uharibifu uliofanywa na kirusi chenyewe ni mdogo mno. Kile tunachokiita mafua, karibu chote, tunakifanya sisi. Ni gharama ya ulinzi, na pua hulipa kwa kipimo: ikilipa kidogo mno virusi vinashuka mapafuni, ikilipa kupita kiasi utando wake wenyewe unachubuka.

Ndiyo maana nikipita mbele ya bango linalotangaza unga au maji ya kuongeza kinga, hamu ya kuuliza hunishika. Kuongeza ipi, ya wapi, kwa siku ngapi? Wale waliojipulizia intaferoni kwa wiki kadhaa waliongezewa kinga halisi, safi, iliyopimwa, mahali penyewe ilipohitajika, na wakatokwa damu puani.

Hatari ya upande wa kupungukiwa ilionekana wazi mwaka 2020. Kundi la Jean-Laurent Casanova liliwachunguza wagonjwa 987 wa UVIKO-19 waliokuwa mahututi, likakuta 101 kati yao wana kingamwili zinazoshambulia intaferoni zao wenyewe. Miili yao ilikuwa imeinyamazisha mbiu. Tisini na watano kati ya hao 101 walikuwa wanaume.

Watoto, kwa upande wao, walitushangaza sote kwa jinsi ugonjwa ule ulivyowapitia kwa wepesi. Maelezo yalikuwa mengi, lakini ninaloliamini zaidi liko puani. Watafiti wa Berlin walipopima seli za pua za watoto walikuta vitambuzi vya virusi vimeshajaa tayari, kabla ya maambukizi, kuliko vya watu wazima. Halafu mwaka 2024 kundi la Ellen Foxman wa Chuo Kikuu cha Yale likaeleza kwa nini: pua za watoto hazipumziki. Walipochunguza sampuli za watoto walikuta virusi vingine vya mafua na bakteria wa puani kwa wingi, hata kwa watoto wasioonekana wagonjwa, na pale vilipokuwepo vingi ndipo intaferoni ilipokuwa juu. Foxman huyohuyo alikuwa ameonyesha mwaka 2020 kwamba seli za njia ya hewa zilizoambukizwa rinovirusi kwanza, zikiletewa influenza siku tatu baadaye, influenza inakwama. Yule mtoto wa kamasi, anayeombewa radhi sebuleni, ana pua iliyokesha.

Kuhusu baridi, akina mama hawajashindwa kabisa. Pua ina joto la nyuzi 33 hivi, chini ya 37 za mwilini, na hali ni hiyo hata Mombasa mchana, kwa kuwa hewa tunayoivuta ni ya baridi kuliko damu. Rinovirusi hustawi kwenye nyuzi hizo 33. Mwaka 2015 Foxman na Akiko Iwasaki walionyesha sababu mojawapo: seli za njia ya hewa za panya hutoa intaferoni kidogo zikiwa kwenye nyuzi 33 kuliko kwenye 37. Mwaka 2022 watafiti wa Boston wakaongeza kwamba dakika kumi na tano kwenye hewa ya nyuzi 4 huipoza pua kwa nyuzi kama tano na kupunguza vifuko vidogo ambavyo seli zake huvitoa kuvinasa virusi. Nyuzi 4 si mvua ya Dar es Salaam. Ni alfajiri ya Makete au Kinangop mwezi wa Julai. Tena haya ni mambo ya seli na vifuko. Bado hakuna aliyemloweka mtu akathibitisha kwamba ndiyo maana aliugua.

Na kujifukiza? Tyrrell alilijaribu hilo pia. Mwaka 1989 alichapisha matokeo kwamba waliovuta hewa yenye unyevu, ya joto la nyuzi 43, walipata nafuu. Waliorudia jaribio Marekani hawakuiona nafuu hiyo. Anayejifunika blanketi juu ya nyungu yenye mchaichai ana haki ya kufurahia harufu yake na pua kufunguka kwa muda. Mtoto mdogo asisogezwe kwenye sufuria inayochemka, kwa maana maji ya moto yameunguza wengi.

Niseme moja la mwisho kuhusu rangi. Kamasi zikigeuka kijani, wengi wetu huenda duka la dawa kuomba amoksilini. Ukijani huo hutokana na kimeng'enya chenye madini ya chuma kilichomo ndani ya chembe nyeupe za damu, askari waliofika kwa wingi na kufia palepale. Hausemi adui ni bakteria au kirusi. Mwaka 1994 Jack Gwaltney wa Chuo Kikuu cha Virginia aliwapiga picha za CT watu 31 wenye mafua ya kawaida tu, akakuta 27 kati yao sainasi za mashavuni zina kasoro. Waliopigwa picha tena baada ya wiki mbili, wengi wao zilikuwa zimesafika au ziko njiani kusafika, bila antibaiotiki. Miaka sita baadaye kundi lake likatafuta kamasi hizo zinafikaje huko. Wakawatia watu majimaji yanayoonekana kwenye picha nyuma ya pua, wakawaambia wengine wakohoe, wengine wapige chafya, wengine wapenge kwa nguvu. Kukohoa na kupiga chafya havikusukuma kitu. Kupenga ndiko kulikoyasukuma yale majimaji hadi ndani ya sainasi.